Kitanda cha Juu

"Shika hapo chini, usiachie!" Tauno alikuwa amesimama juu ya kigoda nje ya jengo lao, tepu ya kupimia imefika mpaka juu ya kasha la skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, lililofungwa kwenye paa la gari.

"Nimeshika, bosi," alijibu Raili, jirani yake wa ghorofa ya tatu. "Kasha lenyewe unazunguka nalo hata Julai. Mji mzima wa Tampere unadhani umezaliwa nalo."

"Waache wadhani."

Simu ilikuwa juu ya boneti, imewekwa spika. Upande wa pili alikuwa Mirva, binti yake, anayepanga safari ya likizo ya Februari: yeye, wanawe wawili, babu yao na gari la babu, wote ndani ya treni moja inayobeba watu na magari, usiku kucha mpaka Rovaniemi, kaskazini.

"Baba, pamoja na kasha gari linazidi kimo. Nafasi za magari marefu zimeisha, zimebaki za mafupi tu."

"Ndio hao wakubwa wa reli! Wamekaa kwenye viti vya ngozi, hawajabeba hata fimbo ya skii, halafu wanampangia mtu kimo cha gari lake!"

"Si ulitoe tu kasha, baba?"

"Kasha halitoki."

Mirva alishusha pumzi. "Haya. La pili. Chumba chako cha kulala humo kwenye treni kina vitanda viwili na kimelipiwa chote. Cha juu kipo wazi. Niweke mabegi huko, au?"

Tepu ilirudi kwa kishindo, ikamchapa Tauno kidoleni. Raili alikuwa ameiachia.

"Nitakupigia, mwanangu." Akakata.

"Kipo wazi," Raili alisema taratibu.

"Raili, ngoja kwanza..."

"Juzi nilikuuliza kama nami kuna nafasi yangu, ukaniambia treni imejaa. Eti wakubwa wamepunguza mabehewa, hakuna hata pa kulaza paka! Na mimi nikawatukana, nikijua nakuunga mkono. Nikasema basi, nisipokwenda angalau nimsaidie kupima gari."

"Mabehewa wamepunguza kweli, si mchezo..."

"Leo wakubwa wa reli hawana kosa, Tauno."

Tauno alishuka kwenye kigoda, akakosa pa kuweka macho.

"Miaka miwili," Raili aliendelea, "Mirva akigonga mlango wako, mimi napanda ngazi na kikombe mkononi kama mwizi. Nikajipa moyo, mtoto bado ana uchungu wa mama yake. Lakini kunidanganya hivi, na tepu nimekushikia mimi? Kweli?"

Akaingia ndani. Hakuubamiza mlango. Afadhali angeubamiza.

Jioni ujumbe ukaingia kwenye simu: "Alhamisi usinisubiri. Ufunguo wako nimeutumbukiza kwenye tundu la barua mlangoni kwako. Safari njema."

Tangu Sirkka, mkewe, afariki, Tauno hakukosa mtu wa kumlaumu. Aliwalaumu waliomweka Sirkka kwenye foleni ya daktari mpaka ikawa basi tena. Akawalaumu mawaziri, akawalaumu wa manispaa wasiomwaga mchanga kwenye barafu. Wiki ile alitafuta mkubwa wa kumbebesha kosa hili, hakumpata. Uongo ulitoka kinywani mwake mwenyewe, tena kinywa kikiwa kimejaa mkate wa iliki aliouoka Raili.

Alhamisi ilikuwa zamu yake ya sauna, chumba cha mvuke kule chini ya jengo, na Raili alizoea kushuka kwake kwa kahawa baadaye. Alimwaga maji kwenye mawe, akakaa kwenye mvuke, lakini mwili ulikataa kulegea. Aliporudi juu alichemsha kahawa, akatoa vikombe viwili bila kufikiri. Akakitazama cha pili mpaka kahawa ikapoa. Ndipo akampigia binti yake.

"Mirva, kuna mtu. Mwanamke. Jirani."

"Raili wa ghorofa ya tatu."

"Umejuaje?"

"Baba, wewe hata yai unaliunguza! Ile mikate ya iliki nilidhani inaota jikoni kwako? Tangu kiangazi cha mwaka juzi najua. Nilikuwa nangoja useme."

Tauno alikisogeza kando kikombe cha pili. Kisha sauti ikamtoka nyembamba: "Nilimwambia treni imejaa. Niliogopa utasema nimemsahau mama yako."

"Usinisingizie mimi!" Mirva alifoka. Akatulia. "Unajua kinachoniuma? Mama alikuwa haoni aibu kwa mtu. Wewe umemfanya mwenzako awe aibu, halafu aibu yenyewe umeniandikia mimi. Kile kitanda unadhani nilikiulizia mabegi? Nenda kagonge mlango wake, baba."

Alipanda ngazi. Mlango ulifunguka kidogo, mnyororo haujatolewa.

"Nani kakosea leo?" Raili aliuliza kupitia ufa. "Waziri?"

"Mimi."

"Sijasikia."

"Mimi, Raili. Treni haikujaa. Niliogopa. Mirva anajua yote, nimemwambia kwa mdomo wangu, na kanigombeza kama mtoto."

"Safi sana. Sasa unataka nini?"

"Kasha. Peke yangu siwezi kulishusha."

Raili alimkazia macho. Kasha lile Tauno alilifunga pamoja na Sirkka, kwa safari ambayo Sirkka hakuifikia. Halijafunguliwa tangu siku hiyo. Raili alilijua hilo, jengo zima lililijua. Mnyororo ukatolewa.

Walilishusha taratibu, huyu mbele, yule nyuma, wakalilaza kwenye theluji. Tauno alifungua kifuniko. Skii za Sirkka zilikuwemo, na glavu moja ya sufu, nyekundu. Akaishika, machozi yakamtoka.

"Nimekukosea wewe," alisema, "na yeye pia."

"Skii usizitupe," Raili alisema, akimfuta uso kwa kiganja. "Mjukuu wako anakua. Panda kigoda, tupime."

Simu ikawekwa tena juu ya boneti.

"Haya, baba, kimo?" aliuliza Mirva.

Raili aliinama, akaisoma tepu kwa sauti, sentimita kwa sentimita.

"Linapita," alisema Mirva. "Na wewe unayesoma ni nani?"

Raili akamtazama Tauno. Akamwachia ajibu.

"Ni Raili," Tauno alisema kwa sauti, mpaka pazia la ghorofa ya kwanza likasogea. "Mpenzi wangu. Andika jina lake kwenye kile chumba."

"Naandika. Raili, utalala juu au chini?"

"Chini, mwanangu. Magoti."

"Basi baba ndiye atakayepanda," Mirva alisema. "Na akianguka, asimlaumu mtu."