Tiki ya Saa Kumi

Walikuwa wameshamtoa mtoto bafuni na kumlaza kwenye zulia la kuchezea, lile lenye michoro ya barabara na magari. Mtu alikuwa amemfunika shuka hadi kifuani, kama vile angeweza kusikia baridi. Nywele zake zilikuwa bado mbichi.

Inspekta alichuchumaa. Magoti yakamlia.

"Nani kamfunika?"

"Mimi, afande," alisema mlezi. "Sikutaka wenzake wamwone vile."

Alikuwa mama wa makamo, aproni kiunoni, mikono imelowa hadi kwenye viwiko. Nyumba ile ilikuwa yake. Kila siku darasa likiisha, watoto wa shule ya jirani walikuja kwake wakakaa mpaka wazazi watoke kazini. Walikula, walifanya kazi za nyumbani, waligombana, wakapatanishwa. Mabegi yao yalikuwa bado yananing'inia ukutani, kila msumari na picha yake: samaki, jua, baiskeli. Chini ya picha ya mizani hapakuwa na mtu wa kuja kuchukua begi.

"Kwa nini mizani?"

"Alichora mwenyewe. Tulikuwa tunamwita Wakili."

Mtoto alikuwa na miaka tisa na mdomo usiochoka. Ukimwambia anawe mikono, anakuuliza nani katunga sheria hiyo. Ukimwambia zamu yake ya kufagia imefika, anaomba kuahirisha kesi. Alikuwa pia na kifafa. Asubuhi alikunywa dawa nyumbani, na saa kumi alikunywa hapa.

"Leo alikunywa?"

"Nilimpa mwenyewe. Tazama kitabu."

Kilikuwa kitabu kikubwa cha jalada gumu. Kila siku ilikuwa na kurasa zake: nani kafika, nani kala, nani kapewa dawa, nani kachukuliwa na nani. Mwandiko ulikuwa safi, bila doa. Mbele ya jina la Wakili, saa kumi, palikuwa na tiki ya wino wa bluu.

Koplo aliileta chupa ya dawa kutoka kabatini. Ilikuwa dawa ya maji, nyekundu. Mama wa mtoto alikuwa amechora vistari vya kalamu kwenye karatasi ya chupa, kila dozi na kistari chake. Dawa ilisimama pale pale ilipopaswa kusimama.

Kitabu na chupa vilikuwa vinasema neno moja.

Binti wa mlezi alikuwa jikoni, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Msichana wa miaka ishirini hivi, macho yamevimba. Ndiye aliyemkuta mtoto.

"Nieleze."

"Niliona kakawia bafuni. Nikaita. Nikasukuma mlango. Alikuwa kapiga magoti, uso ndani ya beseni la kunawia."

"Kabla ya hapo ulizungumza naye?"

"Alikuja kuomba dawa. Mama alikuwa nje, anamfuata mtoto mmoja aliyevuka geti. Nikatazama kitabu, nikaona kashapewa. Nikamwambia, Wakili, kesi imefungwa." Alijaribu kutabasamu, midomo ikamkatalia. "Alikuwa anaipenda ile dawa, afande. Tamu kama pipi. Na yeye kwa kubisha, humwezi."

"Akaenda?"

"Akarudi tena, akasema hajanywa. Nikamwambia nenda kanawe, acha uongo."

Inspekta aliandika kila neno. Wakati ule lilikuwa jambo dogo tu, mtoto kupenda utamu.

Kesho yake daktari wa uchunguzi wa maiti alimsubiri mlangoni, glovu mkononi.

"Maji yamejaa mapafuni. Ulimi kaung'ata. Kifafa kilimshika akiwa ameinama, akaangukia beseni. Hakuna aliyemsukuma, hana alama ya kushikwa."

"Basi ni ajali."

"Subiri. Dawa kwenye damu yake ni kidogo mno. Hiyo ni ya asubuhi, ilikuwa inaishia. Kama saa kumi alikunywa kitu, kitu hicho hakikuwa dawa."

Inspekta alirudi kituoni, akamkuta mama wa mtoto kwenye benchi la ukumbini. Alikuwa na sare ya kazi ya hospitali, ile ya wafua mashuka. Hakuwa amekwenda nyumbani. Alisimama alipomwona.

"Mimi ndiye niliyebadilisha duka," alisema bila salamu. "Duka letu la siku zote walikuwa hawana. Nikaenda jingine kununua hiyo ya kwa mlezi. Chupa ilikuwa ile ile, jina lile lile. Sikuuliza zaidi, nilikuwa nawahi zamu. Niambie, afande. Ni mimi niliyemwua?"

"Bado hatujui, mama."

"Ukijua, niambie mimi kwanza. Hata kama ni mimi."

Ndugu zake walikuja kumchukua. Hakuondoka. Dada yake alimletea uji, ukapoa kwenye kikombe. Kila mlango ulipofunguka, yeye alisimama.

Muuza dawa wa duka lile alitiwa rumande mchana ule. Aliapa kwa kila kitu kinachoapiwa. Wateja wakaanza kurudisha chupa zao. Mtu akalipiga jiwe dirisha la duka. Chupa ya Wakili ilipelekwa maabara, na Inspekta akajiona amemaliza kazi.

Majibu ya maabara yalikuja siku iliyofuata, karatasi moja tu. Dawa ilikuwa halisi, nguvu zake timamu.

"Sasa tumerudi tulikotoka," alisema koplo. "Dawa nzuri, imepungua kwenye chupa, na haimo mwilini mwa mtoto. Imekwenda wapi, afande, imepanda basi?"

"Mlete mlezi. Nataka maelezo mapya."

Mlezi alikuja na binti yake, aliyemshika mkono kama mgonjwa. Binti aliachwa ukumbini. Akakaa mwisho wa benchi lile lile la mama wa mtoto, kila mmoja akitazama upande wake.

Ndani, Inspekta aliweka karatasi mezani, akapapasa mifuko akitafuta miwani yake. Alipoinua uso, mlezi alikuwa ameshachukua kalamu. Aliandika jina lake juu, na chini kabisa, mahali pa sahihi, akasaini. Katikati karatasi ilikuwa tupu.

Inspekta aliiangalia karatasi, kisha akamwangalia yeye.

"Mama, unasaini nini?"

"Maelezo yangu."

"Hujasema lolote."

"Nikiandika mwanzo sisahau, afande. Nimezoea hivyo." Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeeleza anavyokunja nguo. Kalamu ikabaki hewani.

Inspekta alisimama. Magoti yalilia tena, hakuyasikia.

"Koplo, kile kitabu."

Hakufungua ukurasa wa dawa. Alifungua ule wa kuondoka, wa siku ya msiba. Siku ile wazazi walikuja mbio, wengine bado na sare za kazi, wakazoa watoto wao wote mapema. Lakini kitabu kilisema kila mtoto alikuwa ameondoka kwa wakati wake wa siku zote, mmoja mmoja, kwa utulivu. Tiki zilipangana kama wanafunzi mstarini.

Mstari wa Wakili ulikuwa umepakwa rangi nyeupe ya kufutia makosa. Inspekta aliinua ukurasa akauweka dirishani, jua likapenya. Chini ya weupe maneno yalisomeka kinyumenyume, akageuza ukurasa yakanyooka.

*Amechukuliwa na mama. Ameondoka salama.*

Koplo alikohoa. "Afande, kusema kweli, hata sisi kitabu cha doria tunakijaza kabla ya…"

"Nyamaza, koplo."

Lakini hakumwambia kwamba ni uongo.

Akakaa, safari hii karibu na mlezi, si ng'ambo ya meza.

"Unaijaza siku kabla haijaisha."

"Watoto wakifika tu."

"Yote?"

"Yote. Chakula, dawa, kuondoka. Halafu nazunguka nikifanya nilivyoandika. Nisipofanya hivyo, nitaandika saa ngapi? Mmoja anatapika, mwingine kaficha kiatu cha mwenzake, mzazi yuko mlangoni anapiga honi. Afisa wa ustawi wa jamii akija, hatazami watoto. Anafungua kitabu. Kisanduku kitupu ni kosa. Aliniambia, mama, kitu kisichoandikwa hakikufanyika. Akanionya atanifungia."

"Na kilichoandikwa?"

Mlezi alifumba macho.

"Saa kumi ilipofika, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimeshika chupa, afande. Wallahi nilikuwa nimeishika. Mtoto mmoja akafungua geti akatoka barabarani kufuata mpira. Nikairudisha chupa kabatini nikamkimbilia. Nikampata, nikamchapa kidogo, nikamkumbatia, nikarudi. Nilipotazama kitabu niliona tiki. Akili yangu ikaniambia nimeshampa."

"Uliamini tiki yako mwenyewe."

"Ndiyo."

"Ulijua lini?"

"Binti yangu alipopiga kelele. Nilipomgeuza yule mtoto, sikuona dawa kwenye aproni yangu. Siku zote ilikuwa inambakia hapa, pembeni mwa mdomo, nyekundu. Namfuta kwa aproni." Aliinua pindo la aproni ambayo hakuwa ameivaa. "Siku ile ilikuwa safi."

"Ukaimwaga dozi."

"Kwenye sinki la jikoni, wakati majirani wanatafuta gari la hospitali. Hadi kwenye kistari. Kisha, kabla hamjafika, nikafuta ule mstari wake wa kuondoka."

Inspekta alihisi hasira ikimpanda, akaiacha ipande. "Umemwacha muuza dawa alale rumande. Umemwacha mama wa mtoto aamini amemwua mwanawe kwa chupa. Yuko hapo nje tangu jana. Kwa ajili gani? Usifungwe?"

"Nifunge!" Mlezi alipiga meza kwa kiganja. "Nifunge hata sasa hivi, mimi nimelea wa watu miaka yote, sasa nimeua, nifunge! Si kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya nani?"

Sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu anayesema karibu na mtoto aliyelala.

"Yule mtoto alikwenda kwa binti yangu akamwambia hajanywa. Binti yangu akamwita mwongo. Yeye ndiye aliyemtuma akanawe. Kama mtoto alikuwa amekunywa, basi binti yangu alimtania tu, kama kila siku. Kama hakunywa…" Alitazama mlango wa ukumbini. "Ana miaka ishirini, afande. Atalala vipi? Nilitaka tu yule mtoto abaki mwongo. Kwa jambo moja tu, abaki mwongo."

Koplo alikwenda dirishani akatazama nje, ambako hapakuwa na cha kutazama.

"Mwambie ni mimi," alisema mlezi. "Kila kitu ni mimi, na ni kweli. Lakini usimwambie kwamba alikuwa anasema ukweli."

Inspekta hakuahidi. Alichukua karatasi ile iliyosainiwa, akaipasua, akatoa nyingine. Akaandika maelezo yake yote, neno kwa neno, akamsomea. Ndipo akampa kalamu. Mlezi alisaini mahali pale pale. Shitaka lilikuwa uzembe uliosababisha kifo, na kuharibu ushahidi. Koplo alitumwa kwenda kumfungulia muuza dawa.

Inspekta alipofungua mlango wa ukumbi, mama wa mtoto alisimama. Inspekta alitaka kumchukua kando, ofisini, wawe wawili tu. Lakini yule mama aliuona uso wake, akauliza pale pale.

"Ni mimi?"

"Hapana. Dawa uliyonunua ilikuwa nzuri. Hukukosea chochote."

Alishika ukuta. "Basi kwa nini?"

"Hakupewa."

Mwisho wa benchi, binti wa mlezi aliinua kichwa.

"Lakini kitabu…" alisema.

Akaishia hapo. Inspekta alimwona akilifikia jambo lenyewe peke yake, hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akakuta ngazi ya mwisho haipo. Sweta ya mama yake, aliyokuwa ameipakata, ilianguka sakafuni.

Mama wa mtoto alikuwa bado anamtazama Inspekta. "Mimi nilimfundisha aombe mwenyewe. Nilimwambia, wakubwa wanasahau, wana mengi. Saa ikifika wewe nenda ukaombe, usingoje kuitwa. Hakuomba? Alisahau?"

Inspekta alifungua mdomo. Katika miaka yake yote ya kazi alikuwa ameshauliza maswali mengi kuliko aliyojibu, na hili hakuwa na namna ya kulijibu bila jibu kumwangukia mtu. Kumwambia alisahau kulikuwa rahisi. Kungemwokoa mmoja.

"Aliomba," alisema binti.

Alikuwa amesimama.

"Aliniomba mimi. Mara mbili. Nilimwambia kashapewa. Nilimwambia aache uongo."

Mama wa mtoto aligeuka taratibu. Inspekta alisogea akajiweka katikati yao, kwa mazoea ya kazi. Haikuhitajika, akarudi pembeni.

"Alisemaje?"

"Alisema, dada, tafadhali, bado sijanywa."

"Alisema tafadhali?"

"Mara zote mbili."

Mama wa mtoto alitikisa kichwa kukubali, polepole, kama mzazi anayesomewa ripoti ya mwanawe shuleni na kukuta hakuna pa kumkosoa.

"Nilimfundisha hivyo," alisema. "Kila kitu alifanya kama nilivyomfundisha."

Kisha akaanza kuanguka. Aliyekuwa karibu naye alikuwa yule binti, akamdaka, wakashuka wote wawili mpaka sakafuni.