Kunde Kabla ya Mtama

Vita vya Maji Maji vilipotulia kijijini Mkongo, Mwantumu alirudi na wanawe kutoka porini. Nyumba ilikuwa majivu na shamba lilikuwa limechomwa. Alibaki na kikapu kimoja cha mbegu ya mtama. Ikipotea hiyo, watoto hawana kingine.

Mvua za vuli ziliponyesha, alipanda nusu. Kila asubuhi alipalilia, asiache hata jani. Kabla ya vita, akida, msimamizi wa Wajerumani, alimchapa viboko yeyote aliyeacha jani katika pamba ya serikali. Akida hakuwapo tena, ila mikono ya Mwantumu ilikuwa bado inamwogopa.

Mtama ulifika magotini, ukadumaa. Majani yakawa ya zambarau.

Wifi yake, Kijakazi, akapita. "Wifi, unalima au unafagia uwanja wa harusi?"

"Nafagia. Mumeo hajaoa mke wa pili bado?"

Walicheka kidogo. Kisha Kijakazi akang'oa mche mmoja. Mizizi ilitoka mitupu, kama imeoshwa. Akaenda shambani kwake, akarudi na mkunde. Udongo ulikuwa umeng'ang'ania mizizi yake.

"Mtama ninaoupanda palipokuwa na kunde hunipita kichwa," alisema. "Sababu siijui. Nimeona tu, mwaka hadi mwaka."

Sababu ilikuwapo, ila haionekani kwa macho. Ndani ya udongo kuna kuvu, nyembamba kuliko uzi wa buibui. Mizizi iliyo hai hutoa kemikali zinazoziita. Kuvu zikija, huingia mizizini, zikauletea mmea chakula na maji kutoka pale mizizi isipofika. Mmea nao huzilipa kwa sukari. Shamba likichomwa na kuachwa tupu, hakuna wa kuziita, nazo hupungua. Kunde huziita tena.

"Basi nipande kunde, na watoto wale nini?"

"Majani ya kunde si mboga? Mtama ungoje masika."

Mwantumu akang'oa mtama uliodumaa, akapanda kunde alizopewa na Kijakazi. Kungoja kulikuwa kugumu. Walikula majani ya kunde na ming'oko, viazi vya porini. Siku moja Mwantumu alikishika kile kikapu cha mbegu, akatazama chungu kitupu, akakirudisha mahali pake.

Masika ilipoanza, kunde zilikuwa zimefunika shamba. Mwantumu akainama kuzing'oa.

"Ah, ah, wifi," Kijakazi alimzuia. "Kata shina. Mizizi iache humo humo, na mtama upande kando yake."

"Nitaliacha shamba chafu hivi?"

"Liache."

Akapanda mbegu zote zilizobaki.

Mtama uliota wa kijani kibichi. Ukapita magoti, ukapita kiuno, ukampita Mwantumu mwenyewe. Masuke yakainama kwa uzito. Siku ya kuvuna, watoto walikula ugali hadi mdogo wao akalala na tonge mkononi.

Majirani wakaja na vikapu kuomba mbegu. Mwantumu alimpa kila mmoja. Lakini kwanza mkono wake ulichota kunde.

"Hizi kwanza," alisema. "Mtama utafuata."