Jackson Wawili

Saa kumi na mbili jioni niliingia ofisi ya karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kumwandikia mdogo wangu, Jackson, afunge tuwahi kula. Ulikuwa mwaka wa rashi, watu wamefurika Tarime kufuata dhahabu. Jackson alilinda duara, shimo la dhahabu la tajiri wetu, Simioni, kule mlimani kusikoshika simu. Tuliandikiana kwa kompyuta mbili kuukuu, moja ofisini, moja kibandani kwake, zilizounganishwa kwa antena. Skrini nyeusi, maandishi meupe, hakuna mausi. Kila kitu ni kubonyeza. Pembeni yanajipanga majina ya waliopo.

Siku zote yalikuwa mawili. Wegesa, ndiye mimi. Na Jackson.

Jioni ile yalikuwa matatu.

Wegesa. Jackson. Jackson.

Nikadhani mashine imekwama. Nikaandika: "Funga, uje tule."

Jackson wa juu akajibu: "Dada njoo. Simioni ananikata."

Juzi tu Simioni alileta mganga, akatamka kwamba duara limenuna, linataka mtu. Tulicheka sana.

Jackson wa chini akaandika: "Usije. Nimeshakufa."

"Mkono umekatika. Nimejifungia. Njoo na watu..." Wa juu.

"Usije. Anakungoja mlangoni." Wa chini.

Nikajaribu kuwapima. "Mama yetu anaitwa nani?"

"Veronika."

"Veronika."

Kwa mpigo mmoja.

Harufu ikaingia. Damu mbichi, kama machinjioni. Nikainua vidole kwenye kibodi... vimelowa.

Vyekundu.

Method, mlinzi wetu, akachungulia. "Wegesa, kuna nini?"

"Jackson anauawa," nikanong'ona. "Washa pikipiki."

Nikasimama. Skrini yote ikajaa neno moja, mstari juu ya mstari.

USIJE. USIJE. USIJE.

Nikakaa.

"Kalete polisi kwanza, Method. Mimi... mimi nitasubiri hapa."

Akaondoka mbio. Mlimani ilikuwa robo saa tu kwa pikipiki.

Jackson wa juu aliendelea kuandika.

"dada"

"dad"

"d"

Jina lake likafutika. La chini likabaki.

Polisi walifika mlimani saa mbili. Jackson alikuwa amelalia kibodi, mkono wa kushoto umekatwa kwenye kiwiko, mlango umefungwa kwa ndani. Simioni walimkuta chini kabisa ndani ya duara. Panga bado kashika. Shingo ilikuwa imezungushwa mpaka uso ukatazamana na mgongo wake mwenyewe. Hakuna aliyejua nani alimfanyia vile.

Daktari alisema mdogo wangu alivuja damu zaidi ya saa nzima ndipo akakata roho.

Saa nzima. Alikuwa hai.

Msibani walinifariji, eti marehemu alinikataza ili nipone. Aliyeandika "nimeshakufa" hakuwa yeye.

Tulipotoka kuzika, mama alinishika mkono, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, alikuita?"

Nikamwambia hakuniita.