Miguu ya Nahumu

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mikono ya mdogo wangu Nahumu. Akitaka kuinuka mkekani, alishika magoti, kisha mapaja, akajipandisha kama mtu anayepanda mti. Ilikuwa mwaka 1947, naye alikuwa na miaka mitano. Nyumba yetu Njombe ilikuwa na amani. Mvua zimeanza, mianzi inatoa ulanzi, utomvu wake mtamu unaogeuka pombe, na baba yetu, Efraimu, alimsifu mbele ya wageni:

"Tazameni mashavu ya miguu! Huyu ataenda Makambako na kurudi siku hiyo hiyo!"

Ndugu zangu, unene ule haukuwa nguvu.

Siku moja Shangazi Dorika, dada yake baba, mjane asiye na mtoto, alimtuma Nahumu alete mbeta, kopo la mwanzi la kukingia ulanzi. Mtoto akaanguka penye mianzi ya shangazi, asiweze kuinuka. Maneno yakaanza: Dorika kamfunga miguu.

"Kaka, mimi ndiye niliyempokea alipozaliwa," shangazi alilia.

"Ndiyo maana ulijua pa kumshika," baba akajibu.

Nahumu alipofika miaka tisa hakutembea tena. Niliacha shule darasa la nne ili nimbebe. Tukampeleka kwa daktari wa misheni. Baba akabaki nje na baiskeli.

Daktari alimpapasa miguu, akamwuliza mama, "Kwenu, wako wavulana waliodhoofika hivi?"

"Hakuna," mama alisema, akitazama sakafu.

Lakini kijijini Kifanya, kwa bibi mzaa mama, nilishaonyeshwa makaburi mawili ya wajomba. "Walianza kwa kutembea, wakamaliza kwa kutambaa," bibi aliniambia.

"Ugonjwa huu hurithiwa," daktari alisema. "Mara nyingi mama huubeba bila kuugua, wala si kosa lake. Huwapata wana wa kiume. Dawa sina."

Njiani baba alitangulia. Mama akaninong'oneza, "Usimwambie baba yako. Atanirudisha kwetu."

Nikanyamaza. Baba alijua tu kwamba dawa hakuna, na juma lile wanaume wa kijiji walikata mianzi yote ya shangazi, wakimwita mchawi. Akaondoka kwa miguu kwenda Makambako, na mbeta moja mkononi.

"Dada," Nahumu aliniuliza, "nani atanikingia ulanzi mtamu sasa?"

Shangazi alifia huko, akazikwa na wageni. Nahumu alimfuata kaburini akiwa na miaka kumi na minne.

FUNZO

Kabla ya kumwita mtu mchawi, ulizeni habari za koo zote mbili. Daktari asifichwe. Na wewe mume, usimtishe mkeo kwa jambo asilolichagua, maana hofu yake itamwangamiza mwingine. Huenda nami naubeba ugonjwa huu. Nimemweleza Nikodemo, anayetaka kunioa, kabla hajaleta posa, bado anafikiri.

Shangazi, ulipopita mlangoni siku ile ulinitazama mimi peke yangu. Nilijua huna kosa. Nilijua tangu kwa daktari, lakini pale mlangoni baba alikuwa amesimama karibu yangu.