Aliyeniitia Mkaguzi wa Migomba

Jumanne asubuhi mkaguzi aliua migomba yangu yote. Mashina kumi na saba.

Nilikuwa nimesimama palepale, kikombe cha chai mkononi, natazama.

Kwanza alipuliza mafuta kuua vidukari, vile vijidudu vinavyofyonza majani. Halafu akatoa bomba la sindano, akaanza kudunga sumu shina baada ya shina... chwii... chwii... kama anachanja ng'ombe.

"Nani amenichoma kwenu?" nikamuuliza.

"Siruhusiwi kusema, Bwana Pascoe."

"Huruhusiwi, au huna ubavu?"

Akajaza bomba upya. Mwanamke wa makamo, buti za mpira, uso mkavu. Hata jina sikumuuliza. Mtu anayeua migomba yangu, jina lake nilifanyie nini?

Ugonjwa wenyewe hauna dawa. Majani yanakuwa membamba, kingo zinageuka njano, yanabanana juu kama ufagio uliosimamishwa. Shina halizai tena. Vidukari wanaubeba kutoka mgomba mmoja kwenda mwingine.

Ndiyo maana sheria ya huku iko wazi: ukiuona, wapigie wakaguzi simu. Na usithubutu kutoa chipukizi kule kaskazini, ambako ugonjwa upo, ukalileta huku Pelham Ridge. Huku tulikuwa safi.

Nyuma ya uzio wangu kuna kilima kizima cha migomba. Ni cha Jaswant Gill. Baba yake aliipanda kwa mikono yake, Jaswant akakulia humo, na hana kazi nyingine duniani. Miaka ishirini na mbili tumekuwa majirani. Kwa hiyo mnaelewa ugonjwa ukiruka ule uzio maana yake nini.

Lakini siku ile sikumuwaza Jaswant. Nilimuwaza aliyenichoma!

Na nilijua ni nani. Corinne!

Corinne ni admini wa kundi letu la Facebook la watu wa bustani. Kundi la watu mia sita, na wanaojua kushika jembe hawafiki sita. Huyu anamwaga kahawa kwenye mlimau. Yule anapanda karoti kwa kufuata mwezi. Mmoja, naapa, anaimbia nyanya zake! Nyanya zenyewe zinakufa, nadhani kwa aibu.

Mimi niliacha shule nina miaka kumi na nne. Kila ninachokijua nimekijua kwa kuchafuka. Kwa hiyo nilikuwa nawachana kila siku humo, bila huruma. Corinne alishanionya mara tatu.

Jumamosi nikaenda kwenye meza.

Kila Jumamosi tunakutana nje ya ukumbi, unaweka ulichovuna, unachukua cha mwenzako. Hakuna hela. Wakati wa kiangazi meza inajaa mumunye, kila mtu kaleta mumunye, hakuna anayetaka mumunye.

"Corinne! Mchomaji mkubwa wewe!"

Hata hakushtuka.

"Karibu, Lyle. Umekuja na mboga, au umekuja na mdomo peke yake?"

"Umeniitia mkaguzi!"

"Mimi? Siku nikikuitia mtu, nitakuitia daktari wa kichwa."

Watu wakacheka. Damu ikanipanda!

"Kama si wewe, ni nani? Sema!"

Akatoa simu, akaperuzi taratibu, akanisogezea usoni.

"Huyu hapa."

Ilikuwa posti yangu mwenyewe.

Wiki tatu nyuma mama mmoja aliuliza kwenye kundi, mbona majani ya mgomba wake yana kingo za njano. Nikapiga picha mgomba wangu, nikaiweka, nikaandika: "Hata wangu uko hivi. Hii ni njaa ya madini ya chuma, enyi wakulima wa mitandaoni. Tia samadi, acha kelele." Likes mia na arobaini!

"Sasa soma komenti ya kwanza," Corinne akasema.

Nikasoma. *Picha nzuri sana. Unakaa mtaa gani?*

"Huyu si yule wa kuku?" nikauliza. "Anayeweka picha za kuku kila siku?"

"Anaitwa Merrin. Kuku ni wa kujifurahisha. Kazi yake ni ukaguzi wa migomba."

Nikaziona tena zile buti za mpira.

"Na wewe ulimjibu nini, Profesa? Hebu wasomee watu."

Sikusoma. Akasoma yeye, kwa sauti. Nilimpa mtaa na namba ya nyumba. Nikamwambia aje Jumanne yoyote asubuhi, nimfundishe kilimo.

Meza nzima ikalipuka! Kuna mzee alicheka mpaka akakaa juu ya maboga.

Ingeishia hapo ningekuwa mjinga wa kuchekesha tu. Haikuishia hapo.

Bibi Una, mwenye miaka themanini na mbili na mkono mzuri wa maharage kuliko wote pale, yeye hakucheka. Akanishika mkono.

"Lyle, mwanangu... lile chipukizi ulilonipa mwaka jana, nalo limefanya hivyo hivyo. Mbona uliniambia ni la mama yako? Mama yako si alikuwa anakaa Murwillumbah?"

Murwillumbah. Kaskazini.

Kicheko kikakatika.

Mwisho wa meza alikuwa amesimama Jaswant, ameshika kasha la ndimu alizoleta. Akaliweka chini.

Wasomaji, niseme tu ukweli. Mama alipofariki, nyumba yake iliuzwa. Nyuma ya jiko alikuwa na mgomba wa ndizi fupi tamu, alioutunza tangu kabla mimi sijazaliwa. Nilichimba machipukizi saba, nikayafunga kwenye magunia mabichi, nikayaficha chini ya turubai kwenye pikapu. Sheria nilikuwa naijua. Nikajiambia sheria ni ya wajinga, mgomba unaoumwa mimi nitautambua kwa macho.

Moja nikapanda. Sita nikayagawa hapohapo mezani, nikapigiwa makofi.

Jaswant akanisogelea.

"Mwezi wa tisa nilikuuliza pale kwenye uzio. Nilikwambia, Lyle, majani yako siyapendi. Ukanijibu nini?"

"Jaswant, kaka..."

"Ulinijibu nini?"

"Nilisema ni njaa ya chuma."

"Nikakuuliza hilo chipukizi umelitoa wapi. Ukasema?"

"Nikasema... ni la hapahapa."

"Miezi mitano, Lyle. Miezi mitano vidukari wanavuka uzio, na mimi nimetulia, kwa sababu Lyle anajua migomba."

"Sikujua kama linaumwa! Nakuapia!"

"Ulijua ulikolitoa."

Nikamnyooshea mkono. Hakuupokea.

Akaziacha ndimu zake pale chini, akaondoka.

Kwa hiyo nyinyi mnaosoma hapa, mnaotoa ushauri kwa herufi kubwa, mlionijaa hadi kwenye inbox mkiniuliza dawa, sikilizeni. Yule anayeimbia nyanya hajaua shamba la mtu. Mwenye kahawa hajaua shamba la mtu. Niliyeua ni mimi, niliyekuwa nawacheka. Kama umeficha chipukizi chini ya turubai huku unajiambia macho yako yanatosha, wewe si mkulima. Wewe ni kidukari mwenye leseni ya gari.

Hesabu ya hasara ni hii.

Mashina yangu, kumi na saba. Machipukizi niliyogawa, sita, na la Bibi Una limo. Kwa Jaswant, mpaka juzi, wameshadunga mashina mia tatu na kumi na mawili, na watarudi kila mwezi kukagua yaliyobaki. Mgomba wa mama hakuna tena popote, maana aliyenunua ile nyumba amemwaga zege nyuma ya jiko.

Na jirani, mmoja.