Namba Zilizofutika

Kila siku ya likizo nilimsindikiza mama kazini. Mama ni fundi wa maabara. Yeye akiingia ndani na glavu zake, mimi nilibaki ofisini nikimwandikia lebo za vichupa vya damu ya sungura, kila lebo namba ya sungura wake. Sungura wa chumba cha kwanza walikuwa wameambukizwa kuvu hatari. Wa chumba cha pili walikuwa wazima. Watafiti walitaka kujua kama miili ya wagonjwa inatengeneza kingamwili, yaani askari wa kupambana na kuvu ile.

"Andika kwa penseli tu," mama alinionya. "Wino unafutwa na spiriti."

Jamani, mimi na ukaidi wangu! Nilikuwa na kalamu mpya ya zambarau, nikaona penseli ni ya watoto wa chekechea.

Mama alitoa trei ya vichupa vilivyojaa, vimefungwa na kupanguswa kwa spiriti, akaenda kunawa. Nilipochungulia, niliona wino umefutika. Lebo nne hazikuwa na namba! Ningesema pale pale, yangeisha. Lakini niliogopa kugombezwa, nikachukua penseli, nikabahatisha.

Alhamisi iliyofuata mama alirudi nyumbani amechoka, hana raha.

"Sungura wazima wawili wamekutwa na kingamwili," alisema. "Eti kuvu imevuka chumba, kwa sababu Bwana Karoti hakubadilisha mabuti. Wamemsimamisha kazi. Mtu mzima yule analia, nimeshindwa hata kumtazama."

Bwana Karoti ndiye mzee aliyewatunza sungura, mcheshi kupita kiasi. Nilijua ni lebo zangu, lakini sikusema. Ijumaa nikanyamaza tena.

Jumatatu tulimkuta akifungasha vitu vyake.

"Haya, daktari wangu," aliniambia, "nani atakutania sasa?"

Alijaribu kucheka, akashindwa. Nami nikaangua kilio, nikasema yote.

Mama alinishika mkono hadi kwa mkuu wa maabara, nikarudia kila neno. Mkuu alitoa vichupa kwenye friji, akaviangalia kwa karibu. Kweli, chini ya penseli palibaki doa hafifu la zambarau. Alimwomba radhi Bwana Karoti na kumrudisha kazini siku hiyo hiyo.

"Na wale wazima mtawapima upya?" niliuliza.

Mama alitazama pembeni. "Walichomwa sindano ya kufa Jumamosi, wote kumi na wawili. Tulidhani wataambukiza wengine."

Nilimpigia Bwana Karoti magoti, nikamwomba msamaha. Aliniinua.

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Kukosea lebo, hata mimi nimewahi kukosea. Ila kosa liseme lingali dogo. Ungesema Ijumaa, asubuhi hii ningekuwa nawalisha."