Siri Aliyoitunza Sabaha

Kila siku alasiri, Sabaha akitoka shule, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwekea baba yake maji ya kuoga. Alichota ndoo moja kwenye bomba la mtaani, akaipeleka uani, kisha akagonga mlango wa chumba. "Baba, maji tayari." Baba yake, Bakili, alikuwa mchukuzi katika soko la Kariakoo. Tangu alfajiri alishusha magunia ya mchele na mahindi kutoka kwenye malori, na alipofika nyumbani, karibu na Mtaa wa Msimbazi, mabega yake yalikuwa yamejaa vumbi.

Siku moja, mwaka wa 1954, baba hakuitikia. Sabaha akasukuma mlango. Alimkuta amelala chali kitandani, shuka kiunoni, anakandamiza kwa vidole uvimbe uliotokeza chini ya tumbo, karibu na paja. Ulikuwa mkubwa kama yai la bata. Uliporudi ndani, Bakili alishusha pumzi, akajifunga kitambaa kirefu cha merikani kiunoni, akakikaza mpaka uso ukamkunjamana.

"Baba, umeumia?"

"Ni mshipa tu. Wabeba mizigo wengi wanao. Ukifunga kitambaa vizuri, unatulia."

"Mama anajua?"

"Hajui, nawe usimwambie. Akijua atanipeleka hospitali, na huko watanipasua. Wenzangu sokoni watanicheka, na mnyapara akisikia ataita mtu mwingine mahali pangu." Bakili alimtazama binti yake kwa upole. "Una miaka kumi na miwili, Sabaha. Wewe ni mtu mzima sasa. Hili ni langu na lako."

Sabaha alifurahi kuitwa mtu mzima. Tangu siku hiyo, yeye ndiye aliyefua kile kitambaa. Alikianika chini ya khanga za mama yake, mama asikione. Miezi ikapita. Mara nyingine alimwona baba yake amesimama ukutani, amefumba macho, mkono umebana chini ya tumbo. Akatamani kusema. Lakini alikwisha kuahidi.

Ikaja masika. Asubuhi moja ya mvua, wachukuzi walikuwa wanashusha magunia mbio mbio ili mchele usilowe. Bakili aliteleza kwenye ubao wa lori akiwa na gunia la ratili mia mbili mgongoni. Hakutaka lianguke. Alijikaza, akalizuia, akasikia maumivu makali kama ya kuchanwa. Uvimbe ukatoka, na safari hii haukurudi.

Sabaha aliporudi kutoka shule alimkuta baba yake kitandani, anatapika. Mama yake alikuwa amempikia uji mwepesi, lakini haukukaa tumboni.

"Labda ni samaki wa jana," mama alisema. "Sabaha, baba yako alikula kitu gani asichokizoea?"

Sabaha akamtazama baba yake. Bakili akatikisa kichwa kidogo sana, hata mama hakuona.

"Sijui, mama," Sabaha akajibu.

Usiku kucha Bakili aliugulia. Kulipopambazuka, tumbo lake lilikuwa limejaa na kuwa gumu, midomo imekauka. Alipokataa hata maji, Sabaha akashindwa kuvumilia. "Mama, si samaki!" alilia. "Ni mshipa! Uko hapa chini, umetoka na haurudi. Nilijua siku nyingi!"

Mama alifunua shuka, akaona. Alitoka mbio kumwita mdogo wake, Uwesu, aliyekuwa mchukuzi pia na aliyelala chumba cha jirani. Uwesu akaleta rikwama, mkokoteni ule ule wa kubebea magunia. Wakamlaza Bakili juu ya mkeka, Uwesu akavuta mbele na wenzake wawili wakasukuma nyuma, kwenye tope, mpaka hospitali kubwa. Sabaha alikimbia kando, ameshika mkono wa baba yake. Ulikuwa wa baridi.

Daktari alimpasua mchana ule ule. Baadaye dresa mmoja, msaidizi wa daktari, aitwaye Theophil, mtu wa Kilimanjaro mwenye sauti ya chini, alitoka kuzungumza na mama. "Utumbo ulibanwa, ukakosa damu, ukaoza," alisema. "Tumejitahidi, mama. Lakini mmechelewa sana."

Bakili alikaa siku mbili. Alfajiri ya siku ya tatu akafariki.

Baada ya mazishi, Sabaha aliendelea na kazi zake. Alikwenda shule, akarudi, akachota maji. Siku kadhaa alijikuta amesimama uani na ndoo, akakumbuka kwamba hakuna wa kuoga. Hakulia. Aliona hana haki ya kulia, kwa kuwa yeye alijua na hakusema.

Arobaini ilipokwisha, jioni moja Uwesu aliingia uani amebeba kuni. Alipoinama kuziweka chini alisita, akaegemea ukuta, mkono wake ukabana chini ya tumbo. Sabaha, aliyekuwa anaosha vyombo, aliiacha sufuria ikaanguka.

"Mjomba, unao?"

Uwesu alishtuka. "Mdogo tu. Hauniumi. Sabaha, mwanangu, usimpe mama yako mashaka mengine. Yaliyompata yanatosha."

Sabaha alimpenda mjomba wake, na hakutaka kumwudhi. "Nisamehe, mjomba," alisema. "Hili siwezi kulinyamazia." Akapaza sauti palepale, "Mama! Njoo! Mjomba naye ana mshipa!"

Uwesu alikasirika. Alisema hatakwenda kokote, kwamba mwanamume hakimbilii hospitali kwa kitu kidogo. Mama Sabaha alimsikiliza mpaka akamaliza. "Mume wangu naye aliwaza vivyo hivyo," alijibu taratibu. "Kama unataka nikuzike na wewe, niambie leo, nijue." Uwesu akainamisha kichwa. Kesho yake wakaenda.

Alipasuliwa baada ya siku tano, bila haraka, akiwa na nguvu zake. Sabaha na mama walipokwenda kumwona, alikuwa ameketi wodini anakunywa uji. Wachukuzi wanne walikuwa wamesimama kando ya kitanda, na Theophil alikuwa anawaeleza.

"Mbebe gunia moja watu wawili," alisema. "Na atakayeona uvimbe aje mapema, kabla haujauma. Hakuna aibu hapa. Mwili wa mwanamume unachakaa kama wa mtu yeyote." Mmoja wa wale wachukuzi alimfuata pembeni, akamnong'oneza kitu. Theophil akaandika jina lake ili aonwe na daktari.

Sabaha alingoja mpaka wakaondoka. "Bwana dresa," aliuliza, "ningesema mapema, baba angepona?"

Theophil alimtazama mama, kisha akachuchumaa mbele ya Sabaha. "Sitakudanganya. Huenda angepona. Lakini ugonjwa ulikuwa wake, na ni yeye aliyepaswa kusema. Alikupenda, ila alikosea kukupa siri kama hiyo. Mtu mzima akikuambia ufiche ugonjwa wake, usikubali, hata akiwa baba. Kumsemea mgonjwa si kumsaliti. Mjomba wako yu hai kwa sababu ulisema."

Sabaha akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mama akamvuta kifuani. "Mimi sikukasirikii," alisema. "Wala siku moja sikukukasirikia. Lia, mwanangu."

Akamgeukia mdogo wake. "Kuanzia leo, nyumbani kwetu anayeumwa anasema."

"Nimesikia, dada," Uwesu akajibu.